Mnamcheka Aliyeharibu Wali Ughaibuni, Kwenu Alikuwa Anapika Nani?

Jamani, ile klipu nimeiona. Nimetumiwa mara sita, na mara ya sita nimetumiwa na shangazi yangu ambaye mwezi uliopita alikuwa bado hajui kutuma hata picha.

Kwa ambao bando liliwaishia wikiendi nzima, stori ni hii. Dada mmoja wa mjini, jina kapuni, yule aliyemfuata mume nje mwaka jana tukaoneshwa picha za uwanja wa ndege mpaka tukachoka, kajirekodi anapika wali wa nazi kwenye jiko lake jipya jeupe. Wali umetoka bokoboko. Tui limekatika, mafuta yanaelea huku, maji yako kule, na juu yake kaweka majani ya giligilani kama yuko hotelini. Yeye mwenyewe anacheka. Mume anaonja, anameza kwa shida, anasema "tamu".

Basi hapo watu wakatoa povu. "Hakufundwa huyo." "Kungwi wake arudishe hela." "Mtoto wa Pwani gani hajui wali?" Mwingine akaandika kwamba ndiyo maana ndoa za siku hizi hazidumu, yaani wali umebeba mpaka talaka za watu.

Mimi nina la kusema, kwa sababu mwaka 2021 nilikuwa huyo dada. Tofauti ni kwamba sikuwa na wafuasi wala mume wa kunidanganya. Nilipoweka picha ya wali wangu ulioungua kwenye status, niliandikiwa "pole kaka, utaoa tu". Mwanamke akiunguza, hakufundwa. Mwanaume akiunguza, anatafutiwa mke. Hilo naliacha kwa leo, siyo lililonileta, ila nimelisema.

Lililonileta ni swali moja. Huyo dada alipokuwa hapa Bongo, kwao, nani alikuwa anapika? Na wewe unayeandika "hakufundwa" umelala kwenye kochi, hapo ulipo harufu ya vitunguu inatoka jikoni, nani anakaanga?

Sisi tumehamia Madale mwaka 2009. Wakati ule ukimwambia mtu unakaa Madale anakuuliza kama mna umeme. Ukishuka Tegeta kwa Ndevu unatafuta usafiri wa kupanda huku, vumbi, kiwanda cha saruji cha Wazo kule nyuma, viwanja vina nyasi zinazomfika mtu kiunoni. Wazazi walijenga kama watu wengi wa huku walivyojenga, chumba kimoja kikiisha mnahamia, mengine mnamalizia mkiwa ndani. Jiko lilikuwa la nje, nyuma ya nyumba, la mabati. Mama alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya kwenda Posta na kurudi saa mbili usiku. Kwa hiyo kama nyumba nyingi za huku, tulikuwa na dada.

Alikaa na sisi miaka sita, mpaka 2018. Alitoka upande wa Muheza. Wali wa nazi nilioukua nao, samaki wa kupaka, kisamvu cha nazi, maandazi ya Jumapili, vyote vilitoka kwenye lile jiko la mabati. Jioni ukirudi shule unasikia mbuzi ya nazi, kwaru kwaru kwaru, unajua leo kuna kitu. Nilichokuwa nafanya mimi ni kufunua sufuria, kuchungulia, kuiba nyama moja, na kuondoka. Miaka sita! Mtu angenilipa kwa kuchungulia ningekuwa na nyumba Mbweni.

Halafu nikapata nafasi ya kusoma Uingereza, mji wa Leicester. Nikaondoka Septemba na begi moja la nguo na begi moja la ujinga.

Wiki za kwanza ni raha. Chipsi, piza, kuku wa kwenye boksi, unapiga picha unatuma nyumbani. Novemba ilipofika nikakoma. Saa kumi jioni giza limeshaingia, mvua nyembamba haikati, na tumbo linadai vitu ambavyo hujawahi kujua kwamba linavijua. Siku moja nikasema leo nasonga ugali. Nikaingia duka kubwa, nikaona boksi limeandikwa "cornflour". Kiingereza si nakijua? Corn ni mahindi, flour ni unga. Nikanunua maboksi matatu. Nikachemsha maji, nikatia, nikakoroga, na kile kitu kikageuka gundi. Gundi kabisa, inang'aa, inavutika, ukiichomoa mwiko inakufuata. Nikaongeza unga nikidhani bado haujatosha. Nikatupa pamoja na sufuria.

Wiki iliyofuata nikajaribu pilau. Kitunguu kikaungua, king'ora cha moshi kikalia saa tano usiku, bweni zima tukatolewa nje na nguo za kulalia kwenye baridi, watu wa mataifa kumi na saba wananiangalia. Mchina mmoja akaniuliza kwa upole kama nilikuwa najaribu kupika au kuna kitu kilitokea.

Aliyeniokoa kwenye ugali alikuwa mzee mmoja wa Kihindi pale Belgrave Road. Huo mtaa kama hujaufika, fikiria Kisutu ilihamishwa na maduka yake, vitambaa vyake na harufu zake ikapandwa kwenye baridi. Niliingia kutafuta bizari, nikaona kwenye friji mfuko umeandikwa "mogo". Ndani muhogo. Nikasoma tena: mogo. Nikacheka peke yangu. Mzee akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha kanda ya ziwa, "Umetoka wapi wewe?" Nikamwambia Dar. Akasema yeye Mwanza. Nikampa shikamoo hapohapo, akaitikia marahaba kama tuko kwenye foleni ya Mwanza stendi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ililipa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije kwao, mji umejaa. Wakaja vilevile. Na siyo wa Uganda tu, wa Kenya na wa Tanzania nao walikuwa wanahama miaka ile. Wakaja na muhogo wao mdomoni, na mpaka leo mitaa ile ukiagiza "mogo chips" unaletewa mihogo ya kukaanga yenye pilipili, kama ya pembeni ya shule ya msingi, ila kwa paundi. Mzee akaniuliza nimekuwa nakula nini. Nikamsimulia gundi yangu. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Ule ni wanga, kijana. Wa kufanya mchuzi uwe mzito." Akanionesha unga mweupe wa mahindi kwenye mfuko, rafu ya chini kabisa, nilikuwa nimeupita mara tatu.

Ugali ukasimama. Lakini ugali ni nguvu na moto, ukipata unga sahihi utafika. Wali wa nazi ndio ulinishinda. Wali wa nazi unataka kujua.

Kwenye ghorofa letu alikuwepo binti wa Kimalaysia, na yeye alikuwa kwenye mateso yaleyale. Yeye anatafuta rendang. Hiyo ni nyama inapikwa na nazi na viungo kwa moto mdogo saa kadhaa, mpaka rojo lote linywewe na nyama ibaki nyeusi inang'aa. Akanisimulia kwamba mwaka 2018, kwenye shindano kubwa la mapishi la televisheni hukohuko Uingereza, mama mmoja mzaliwa wa Malaysia alipika rendang ya kuku, majaji wakamtoa na kumwambia ngozi ya kuku haikukauka ikawa ya kutafunika. Malaysia ikawaka. Indonesia na Singapore wakajiunga. Hadi waziri mkuu wa Malaysia wa wakati huo akaingia mtandaoni kuuliza ni nani anakula rendang ya namna hiyo. Yaani povu letu la wiki hii ni cha mtoto. Ila angalieni tofauti: wao waligombana na majaji, wakamtetea mama. Sisi tumemgeukia wa kwetu.

Jumapili moja yule binti akapika wali wao, nasi lemak, na nikakaa kimya nikila, maana ilikuwa ni wali wa nazi. Wameuwekea jani lao la harufu, pembeni dagaa wa kukaanga na pilipili, lakini wali ni ule. Na uliiva vizuri, punje zimeachana. Nikamuuliza vipimo. Akasema hakuna vipimo, ni "agak-agak". Kwao hilo neno ni kukadiria, kupika kwa jicho na mkono. Nikamwambia kwetu tunasema "kiasi". Maji kiasi. Chumvi kiasi. Tui kiasi. Kiasi gani? Kiasi tu.

Nikamuuliza nani amemfundisha, akasema anampigia simu bibik. Nikasema safi sana, bibi yako bado ana nguvu? Akaniangalia. Hakuelewa. Bibik siyo bibi. Kwao bibik ni msaidizi wa nyumbani, na wa kwao alikuwa mama wa Kiindonesia aliyekuwa nao tangu yuko darasa la pili. Akasema bila kuona haya yoyote: "Mama yangu hajui kupika hivi. Mama anajua kuagiza."

Wadau, ile sentensi ilinikaa kama mfupa wa samaki kooni.

Kwa sababu mimi nilikuwa na wiki tano nampigia Mama. Kila Jumamosi. Mama, wali wa nazi unaanzaje? "Unaweka tui, baba, unasubiri lichemke." Lichemke kiasi gani? "Kiasi." Naweka, linakatika. Mama, limekatika. "Labda nazi ya huko mbaya." Wiki nyingine: "Labda mchele wa huko." Wiki nyingine: "Labda sufuria." Mpaka ile Jumamosi baada ya maneno ya bibik nikamuuliza moja kwa moja, Mama, wewe huu wali umewahi kuupika? Kimya. Nikasikia anahamisha simu sikio la pili. Akasema, "Mwanangu, mimi huo wali najua kuula. Muulize dada."

Dada yupi, wakati aliondoka 2018? Na sasa fuatilia aibu hii vizuri. Namba yake hatukuwa nayo. Kwenye simu ya Mama kulikuwa na "Dada", "Dada Mpya" na "Dada Kazi 2", zote hazipatikani. Jina lake la kwanza tulilijua. Jina la baba yake hatukulijua. Kijiji hatukukijua, "Muheza huko ndani". Mtu kanipikia kila siku kwa miaka sita, kajua sipendi kitunguu kikubwa, kajua nikiumwa nakula uji wa mchele tu, na mimi nashindwa kumtafuta hata Facebook maana sijui niandike nini.

Aliyempata ni mama wa genge, pale kona ya kwetu. Mama wa genge alikuwa na namba. Mama wa genge alijua hadi watoto wake wanaitwaje. Walikuwa marafiki muda wote huo, hatua arobaini kutoka getini kwetu.

Nilimpigia nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha bweni, naogopa kuliko siku ya mtihani. Akapokea, nikajitambulisha, akapiga kelele, "Kaka! Umekuwa na sauti nzito!" Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Ana watoto wawili, anauza chakula cha mchana kwa mafundi na bodaboda, wali maharage na samaki. Nikamwambia shida yangu. Akacheka sana. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwa na nia mbaya nacho hata kidogo:

"Kwani ulikuwa hunioni nikipika?"

Nilikosa jibu. Nikasema mtandao unasumbua.

Sasa sikilizeni alivyofundisha, maana hapa ndipo nilipojua kwamba yule mtu alikuwa fundi. Aliniuliza kwanza tui ninalotumia. Nikamwambia la kopo. Hajawahi kulitumia maishani. Akasema fungua, niambie likoje. Nikamwambia juu zito kama siagi, chini maji. Akafikiri sekunde mbili. "Basi hilo la juu ndilo tui lako la kwanza. Lichote liweke pembeni, usiliguse. Hilo la chini liongeze maji, hilo ndilo tui lako la pili." Mnaelewa alichofanya? Nazi ukiikuna na kuikamua mara ya kwanza unapata tui zito, ukitia maji ukakamua tena unapata jepesi. Wali unaanza na jepesi, zito linakuja mwishoni. Mimi nilikuwa namwaga kopo zima kwenye moto mkali tangu mwanzo, ndiyo maana likawa linakatika. Aliyaona makosa yangu kutoka Muheza, kwa sikio, kwenye kifaa ambacho hajawahi kukishika.

Akasema: tui jepesi likianza kuchemka usiache kukoroga, taratibu, upande mmoja. Chumvi uonje ikizidi kidogo kwenye tui, maana mchele utaila. Mchele tia likichemka. Maji yakikaribia kukauka, mwagia lile zito juu, geuza mara moja tu, funika. Kisha akauliza, "Makaa unayo?" Nikamwambia hapa ukiwasha makaa wanaita zimamoto. Maana kwetu wali unapaliwa, unatia makaa ya moto juu ya mfuniko ili uive juu na chini. Akauliza jiko lipoje. Nikamwelezea ovena. Akasema, "Si ndiyo hiyohiyo, moto juu moto chini. Tia humo, moto mdogo."

Dakika ishirini baadaye nilifunua. Sitawachosha. Niseme tu kwamba chini kulikuwa na ukoko, wa rangi ya chai, na mimi ni mtu mzima nilikaa sakafuni jikoni nikaukwangua kwa kijiko na nikalia kidogo. Binti wa Kimalaysia akaingia, akaniona, akatoka, akafunga mlango.

Baada ya hapo tukawa tunaongea kila wiki. Alinifundisha samaki wa kupaka. Kisamvu nikakipata kwenye duka la Wakongo, kimetwangwa tayari kimegandishwa, wao wanaandika "saka-saka", na wa mashariki kwao wanakiita sombe. Nikamwambia nimepata kisamvu, jambo la kwanza alilosema ni "kichemshe sana kabla ya nazi, usiwe na haraka, kina sumu kikiwa kibichi." Na hilo ni kweli kabisa kisayansi, majani ya muhogo yana sianidi, ndiyo maana bibi zetu wanatwanga na kuchemsha muda mrefu. Yeye hajasoma kemia.

Wiki ya nne nikamtumia hela kidogo kwa simu. Akapiga. Akasema ahsante, kisha akanyamaza, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka isionekane ni kubwa, kwamba alipoondoka kwetu kuna mishahara hakumaliziwa. Waligombana na Mama kuhusu kitu kidogo, akaondoka asubuhi na mapema, na haikuzungumzwa tena. Sisemi ni miezi mingapi. Hilo ndilo sharti alilonipa Mama ili niandike hii.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana na nyie kidogo.

Tunapenda kusema "chakula cha Mama". Tukiwa nje ndiyo tunazidi, "namiss chakula cha Mama." Kwa wengine ni kweli na Mungu awape maisha marefu hao mama. Lakini kwa wengi wetu wa hizi nyumba za geti za Madale, Goba, Mbezi, Kigamboni, chakula cha Mama ni chakula cha binti wa watu, aliyekuja mjini hajafika hata miaka ishirini, tukamwita dada ili tusihangaike na jina. Amri ya mishahara ya 2013 ilisema mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida alipwe angalau Sh 40,000 kwa mwezi. Ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha hadi 60,000. Kwa mwezi! Kuna watu humu wanalipa zaidi ya hiyo kwa kucha. Na kuna nyumba hata hiyo haitoki kwa wakati.

Halafu njooni kwa hawa mastaa wetu wa mapishi, sitaji mtu. Tazama zile video kwa makini. Apron safi, kucha ndefu, "leo nawapikia pilau ya bibi yangu." Kitunguu kimeshakatwa. Nyama imeshachemka. Kitunguu saumu kimeshatwangwa. Kuna sekunde moja, ukiwahi kuisimamisha, mkono mwingine unaingia kwenye picha, unapokea sufuria, unatoka. Mkono hauna kucha za kubandika. Huo mkono ndio bibi. Lini umeona jina lake limeandikwa?

Wapo waliovuka bahari nao. Zanzibar, baada ya 1964, familia nyingi zilihamia Oman, na nyingine zikafuata 1970 Sultani Qaboos alipowakaribisha waliokuwa nje. Ukienda Muscat leo unakuta Kiswahili, unakuta maandazi na mchuzi wa papa. Na kwenye majiko mengi ya hukohuko unakuta binti wa Kitanzania aliyekwenda kufanya kazi za ndani. Human Rights Watch walitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu yanayowakuta baadhi yao, pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, kazi mpaka usiku wa manane. Ladha ya Unguja ya bibi wa mtu inashikwa na mkono wa binti wa watu, na mwenye mkono hana ruhusa ya kutoka nje.

Najua kuna atakayesema, kaka unazidisha, kila mtu ana kazi yake, yeye alilipwa kupika wewe ulilipiwa kusoma. Sawa. Ila fundi aliyekujengea unamjua jina, na kinyozi wako unamjua jina na timu anayoshabikia. Na huyo dada wa kwenye klipu, mimi simcheki. Yeye angalau kasimama mbele ya jiko, kaharibu, na kaonesha. Wengi wanaomcheka hawajafika hata hatua ya kuharibu. Ushauri wangu kwake ni mdogo: shemeji usimwamini anaposema tamu, kopo lako tenganisha la juu na la chini, na mtafute aliyekuwa anawapikia. Usimpigie mama kwanza, utapoteza wiki tano.

Nimerudi Madale 2023. Jiko la mabati limevunjwa, sasa kuna jiko la ndani la gesi, vigae, kila kitu. Mbuzi ya nazi niliikuta stoo, imekufa kutu, nikainoa. Jumapili moja Desemba nikawaambia wote watoke jikoni. Dada tuliye naye sasa akagoma kutoka, akakaa kwenye kiti akaniangalia nakuna nazi, anacheka kwa kuficha mdomo, mpaka akaninyang'anya na kunionesha ninavyokaa vibaya. Nikapika wali, samaki wa kupaka, na mchicha. Nikapalia kwa makaa kabisa, nje.

Mama akala kimya. Akaongeza. Akaomba ukoko. Kisha akauliza, huku anaangalia sahani, "Nani kakufundisha hivi?" Anajua. Nikamtajia jina, lote, pamoja na la baba yake.

Akakwangua ukoko mpaka ukaisha. Akanawa mikono. Akauliza kama ile namba bado inapatikana, nikamwandikia kwenye karatasi, akatoka nayo barazani na simu yake. Mimi nilibaki nakusanya vyombo, nikamsikia kupitia dirishani anasema haloo mara tatu, halafu: "Ni mimi, mama wa Madale. Ndiyo. Hapana, wazima wote. Watoto wako hawajambo?"